ANARUHUSIWA, LAKINI HAWEZI
Juu ya viwanja vya michezo vya watoto, na wale tunaowaacha langoni



Katika parokia moja ambayo hatutaitaja jina, ulifunguliwa uwanja wa michezo ya watoto kando ya shule ya chekechea. Palikuwa na bembea sita, ubao wa kuteleza, ngazi za kukwea, na ukuta uliochorwa twiga na tembo. Hotuba zilisomwa, kwaya iliimba, utepe ukakatwa, na watoto wakaachiwa waingie. Waliingia kwa kishindo, kama ilivyo ada ya watoto.

Nje ya lango alibaki mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka tisa hivi, ameketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Langoni palikuwa na kizingiti cha saruji chenye kimo cha sentimita 20 hivi, kilichojengwa ili kuzuia mchanga usitoke nje. Na ndani ya kizingiti mchanga laini ulikuwa umemwagwa tangu ukuta hadi ukuta. Bibi yake, aliyekuwa akiisukuma ile baiskeli, alikitazama kizingiti, akautazama mchanga, kisha akaigeuza baiskeli kuelekea kivulini. Mtoto mmoja wa chekechea akamwuliza mwalimu wake: "Mwalimu, yule haruhusiwi kuingia?" Mwalimu, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akajibu: "Anaruhusiwa, lakini hawezi."

Sisi tuliokuwapo tulisikia, na hatukusema neno. Tulikuwa tumekwisha kupiga makofi. Tunaandika kijitabu hiki kwa sababu ya jibu lile, na kwa sababu ya ukimya wetu.

1. JIBU LISILO LA KWELI

Tuyapime maneno yale. "Anaruhusiwa" yatutakasa sisi: hatukumfukuza, hatukuandika langoni kwamba walemavu wasiingie, mioyo yetu i wazi. "Hawezi" yamtwika mtoto mzigo wote: kasoro ni yake, mguu ni wake, bahati mbaya ni yake. Kwa maneno mawili tu tumekwisha kunawa mikono.

Lakini je, ni kweli kwamba hakuweza? Mikono yake ilikuwa mizima. Angeweza kushika minyororo ya bembea. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa akiwafuata wenzake kila walikokwenda. Sauti yake ilikuwa nzima. Alicheka walipoanguka mchangani. Kilichomzuia si mguu wake. Kilichomzuia ni sentimita 20 za saruji na lori la mchanga. Vitu hivyo havikuletwa na maradhi wala havikuumbwa na Mungu. Vilichorwa kwenye karatasi, vikapitishwa na kamati, vikalipiwa kwa michango yetu, vikajengwa na fundi mwashi aliyefanya kama alivyoagizwa.

Hapa ndipo lilipo kosa letu la kila siku. Tunachanganya ulemavu na kizuizi. Ulemavu waweza kuletwa na kuzaliwa, ugonjwa, ajali au vita, na mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Kizuizi huletwa na uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe. Jibu la kweli kwa mtoto wa chekechea lingekuwa hili: "Anaweza, lakini sisi tumemzuia." Ni jibu gumu kulitamka mbele ya mgeni rasmi, lakini ni lile tu lingeweza kutufanya turudi kesho yake na nyundo.

2. SOMO WANALOLIPATA WALIO NDANI

Wako wanaodhani kwamba hasara ni ya mtoto aliye nje peke yake. Sivyo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto sitini waliokuwa ndani ya ukuta siku ile walifundishwa somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni: kwamba wako watu wa ndani na watu wa kivulini, na kwamba huo ndio utaratibu wa dunia. Baada ya miaka 30 watoto hao ndio watakaokuwa waajiri, mahakimu, madiwani, wahandisi na mapadre. Tusishangae wakijenga ofisi zenye ngazi tupu na wakasema: "Wanaruhusiwa, lakini hawawezi."

Na mtoto wa kivulini naye alifundishwa. Alifundishwa kutoomba. Mtoto aliyezoea kugeuziwa upande mara kumi, mara ya kumi na moja hujigeuza mwenyewe, nasi husema kwamba "hapendi kuchangamana".

Tukumbuke pia kwamba mchezo si anasa ya baada ya kazi. Katika mchezo mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kisasi, kushinda bila dharau, kupatana na mtu asiye wa nyumbani kwake, kupima hatari na kuushinda woga. Ndiyo shule ya kwanza ya amani. Tume inayohubiri amani kwa watu wazima na kuacha watoto watengwe mchezoni inapanda mbegu huku inazifukua.

3. SI HISANI, NI HAKI

Kila mwaka, tarehe 3 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, tunagawa sabuni, unga na blanketi. Hatusemi ni vibaya. Lakini mtu aliyenyimwa haki yake hawezi kulipwa kwa blanketi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kenya iliuridhia mwaka 1990, na Tanzania mwaka 1991. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, umekwenda mbali zaidi: unazidai serikali zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine, pamoja na ile inayofanyika shuleni. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo.

Kwa hiyo mtoto wa kivulini hakuja kuomba. Alikuja kuchukua kilicho chake, akakuta tumekijengea kizingiti.

Nasi tulio katika Kanisa hatuhitaji kungoja serikali itukumbushe. Injili ya Marko yasimulia habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati. Hawakumwambia kwamba anaruhusiwa, lakini hawezi. Walipanda juu, wakaifungua dari, wakamteremsha. Jengo ndilo lililobadilishwa ili mtu afike. Mtu hakugeuzwa ili jengo libaki. Tumeihubiri habari hiyo miaka mingi tukiwa tumesimama juu ya ngazi tulizozijenga wenyewe.

4. UDHURU TUNAOUSIKIA

Tumezunguka, tumeuliza, nasi tumejibiwa. Tuzichambue sababu tulizopewa.

Udhuru wa kwanza: "Watoto wa namna hiyo hapa kwetu hawapo." Huyu ni sawa na mtu aliyefunga mlango kwa komeo, kisha akaketi ndani na kushangaa mbona wageni hawaji. Mwaka 2021 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba duniani wako watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi. Kwa wastani huo, kijiji chenye watoto 400 kingekuwa nao 40. Wako wapi? Wako majumbani, nyuma ya mapazia, na wengine wamo humo humo darasani bila sisi kuwatambua: asiyesikia vizuri, asiyeona mbali, mwenye usonji, mwenye kifafa. Ulemavu si kiti cha magurudumu peke yake.

Udhuru wa pili: "Fedha hazitoshi." Fedha za kuchora twiga na tembo zilipatikana. Fedha za jiwe la msingi lenye majina ya waheshimiwa zilipatikana. Kizingiti chenyewe kilitumia saruji! Mteremko usiohitaji anasa yoyote ungekula mifuko michache. Ukweli ni kwamba gharama kubwa huja pale tunapojenga kwanza, kisha tukabomoa. Anayefikiri kabla ya kuchimba msingi hulipa kidogo. Anayekumbuka baada ya utepe kukatwa hulipa mara mbili.

Udhuru wa tatu: "Wataumia." Mtoto mzima akianguka kwenye bembea tunampangusa vumbi na kumwambia apande tena. Mtoto mwenye ulemavu tunamkataza asipande kabisa, tena tunaiita hiyo huruma. Usalama ni wajibu wetu kwa watoto wote, na hutimizwa kwa ardhi inayofaa, vishikizo imara na mlezi aliye macho. Kumfungia mtoto nje ni kumtupa, wala si kumlinda.

Udhuru wa nne: "Tuwajengee uwanja wao wa peke yao." Udhuru huu una sura ya wema, kwa hiyo ndio wa hatari zaidi. Zipo shule na vituo maalumu vilivyofanya kazi njema, na watumishi wake tunawaheshimu. Lakini mtoto yule hakuililia bembea iliyo mbali. Alikuwa akiwatazama watoto wa mtaani kwake, pamoja na binamu zake. Alitaka kucheza nao. Uwanja wa peke yao ni kizingiti kilekile, ila kimepakwa rangi.

Udhuru wa tano: "Kwanza chakula, dawa na madarasa, michezo baadaye." Mbona hoja hii hatukuitoa tulipowajengea watoto wengine? Umaskini ukiwa sababu ya kutojenga uwanja wowote, twaweza kujadiliana. Ukiwa sababu ya kumwacha nje mtoto mmoja tu, basi huo si umaskini, ni ubaguzi.

5. UWANJA WA WOTE HUJENGWAJE

Wasomaji wasije wakasema kwamba Tume inalaumu bila kuelekeza. Tunayoyaeleza hapa chini yaweza kufanywa na fundi yeyote mwenye pima maji na mwenye nia.

Njia. Lango liwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, bila kizingiti. Kutoka lango hadi kila mchezo iwepo njia ngumu, tambarare, isiyoteleza mvua inaponyesha. Upana wake ukifika sentimita 150, viti viwili vya magurudumu vyaweza kupishana. Penye kupanda, kwa kila sentimita moja ya kimo ziwepo sentimita 12 za urefu, na zikiwa 16 ni bora zaidi. Kizingiti kile cha sentimita 20 kingehitaji mteremko wa sentimita 240, au 320 ukipenda uwe wa upole. Hizo ni hatua chache tu za mtu mzima.

Ardhi. Mchanga mkavu humeza magurudumu, magongo na fimbo nyeupe. Usiondolewe wote, kwa maana ni mto wa anayeanguka. Ubaki chini ya ngazi za kukwea, njia ngumu ipite kando yake. Penye bembea ya kufikiwa kwa kiti cha magurudumu yafaa mikeka minene ya mpira. Saruji tupu isiwekwe mahali mtoto anapoweza kuanguka kutoka juu.

Vyombo. Katika kila bembea kadhaa, moja iwe na kiti chenye egemeo la mgongo na mkanda, kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mgongo dhaifu. Penye jukwaa la kupandia, kiwepo kidaraja cha kukalia chenye kimo cha kati ya sentimita 28 na 46, ili mtoto aweze kujihamisha mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. Mchanga na maji ya kuchezea viinuliwe juu ya meza, chini yake pabaki nafasi ya magoti isiyopungua sentimita 61 kwa kimo na 76 kwa upana. Mtoto mwenye miguu atasimama, mwenye magurudumu ataingiza magoti, nao watajenga nyumba moja.

Macho, masikio na akili. Kwa asiyeona, kingo za njia ziwe na mguso tofauti na ardhi ya kawaida, na viwepo vitu vya kulia: mabomba ya chuma ya kugonga, ngoma, kengele. Kwa mwenye uoni hafifu, kingo na vishikizo vipakwe rangi inayotofautiana na ardhi. Kwa asiyesikia, vichaka na kuta visizuie macho, ili aone wenzake na mlezi kutoka kila upande. Kwa mwenye usonji ambaye makelele humlemea, pawepo pembe tulivu ya kupumzikia, na uzio ulio salama.

Kivuli. Hili katika nchi zetu lasahauliwa mno. Mtoto mwenye ualbino huumizwa na jua ngozi na macho, na uwanja usio na mti ni uwanja uliomfungia nje. Pandeni miembe kabla hamjanunua bembea, au jengeni paa la makuti.

Choo na maji. Choo ambacho mlango wake haupiti kiti cha magurudumu humaliza mchezo wa mtoto baada ya saa moja. Mlango ufunguke kwa nje, ndani pawe na vishikizo na nafasi ya kugeuka.

Na tusisahau kwamba watoto huletwa na watu wazima. Yupo mama atembeaye kwa magongo, yupo baba asiyeona, yupo bibi ambaye magoti yamechoka. Benchi lenye egemeo karibu na bembea litawafanya nao wawe wenyeji.

6. MFANO MMOJA WA MBALI

Tunautoa mfano huu kwa sababu ulianzia mahali palepale tulipoanzia sisi, yaani kwa mtu mmoja aliyeona mtoto akiachwa. Gordon Hartman, mfanyabiashara wa mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas huko Marekani, alikuwa mapumzikoni na binti yake Morgan, mwenye ulemavu. Binti alijaribu kucheza na watoto wengine katika bwawa la kuogelea. Wale watoto wakatoka majini. Mwaka 2010 ilifunguliwa katika mji huo bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, iliyosanifiwa ili kila mtu aweze kuitumia, mwenye ulemavu na asiye nao, pamoja. Wenye ulemavu huingia bila kulipa.

Najua atakayesema: "Wale wana fedha." Ni kweli, na hatuwezi kujenga kama wao. Lakini fedha zilifuata baadaye. Kilichotangulia ni baba kukataa kuamini kwamba kasoro ilikuwa kwa binti yake. Tena nchini humo jambo hili halikuachwa kwa matajiri wenye moyo mwema. Sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka 1990, na tangu Machi 2012 kanuni za usanifu wa viwanja vya michezo ni za lazima kwa viwanja vipya na vinavyofanyiwa marekebisho. Vipimo kadhaa tulivyovitaja hapo juu vinalingana na kanuni hizo. Ajengaye bila kuzifuata anaweza kushtakiwa. Kwetu ajengaye vibaya huvishwa shada la maua.

7. TUNAYOYADAI

Tunaidai kila kamati ya ujenzi, ya parokia, ya shule au ya halmashauri, isiidhinishe mchoro wa uwanja wa watoto kabla haujasomwa na mtu mwenye ulemavu na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Maoni yao yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Tunadai masharti ya njia, mteremko, kivuli na choo yaandikwe katika zabuni, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka kiti cha magurudumu kimezungushwa uwanja mzima.

Tunawasihi viongozi wetu, wa dini na wa serikali: msikate utepe, wala msibariki uwanja, kabla hamjauliza swali moja: "Mtoto asiyetembea ataingilia wapi?" Mkionyeshwa kizingiti, rudini na mikasi yenu.

Nasi wenyewe tunajidai. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Hakuna asomaye kijitabu hiki aliyehakikishiwa kwamba miguu yake, au ya mjukuu wake, itakuwa ileile mwakani. Nabii Zekaria alipoueleza mji uliorudishiwa amani, aliwaona wazee wenye mikongojo wameketi katika njia zake, na wavulana na wasichana wakicheza humo. Aliwaona wote mahali pamoja, mwenye mkongojo na mwenye mbio.

Kizingiti cha parokia ile, tunapoandika haya, bado kipo.

MASWALI KWA MAJADILIANO KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto gani wenye ulemavu tunaowafahamu kwa majina? Wanacheza wapi, na pamoja na nani?

2. Nendeni pamoja kwenye uwanja wa watoto ulio karibu, mkiwa na utepe wa kupimia. Pimeni lango, kizingiti, njia na mlango wa choo. Nani atazuiwa, na kitu gani kinamzuia?

3. Ni nani aliyeidhinisha mambo yajengwe hivyo? Je, sisi wenyewe tulikuwamo katika kikao hicho?

4. Ni kizuizi kipi kimoja tunachoweza kukibomoa kabla ya mwezi huu kwisha? Nani ataleta nyundo?